Mzee Ratili na Kilo Sita na Nusu

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, aliyekuwa seremala. Alikuwa wa tatu kati ya watoto sita. Wengi wenu hamjapata kumwita kwa jina jingine zaidi ya Ratili, na mjane wake ameomba tusilibadilishe leo.

Baba yake aliwatengenezea watoto bembea ya ubao mrefu uliolazwa juu ya gogo. Dada yake mkubwa anakumbuka kwamba Ratili, akiwa na miaka saba, alikuwa hapandi. Alisimama katikati akiwapanga wenzake: wawili wembamba upande huu, mmoja mnene upande ule, sogea mbele kidogo, rudi nyuma, mpaka ubao ukae sawa. Mama yao alikuwa akipita na ndoo kichwani anasema, "Huyu hachezi. Huyu anafanya kazi."

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1965. Aliendelea na sekondari kwa miaka miwili, lakini Novemba 1967 baba yake alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiezeka, akavunjika nyonga, na Ratili akaacha masomo ili asaidie nyumbani. Ripoti yake ya mwisho bado ipo. Mwalimu wa hesabu aliandika: "Ana subira kuliko akili, na akili si haba." Marehemu alipenda kuwasomea wajukuu sentensi hiyo, kisha anauliza, "Sasa hapo nimesifiwa au nimesemwa?"

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika ghala la nafaka kama mpagazi. Mwaka 1974 akapandishwa kuwa mpimaji, na kazi hiyo aliifanya hadi alipostaafu mwaka 2006. Mizani yake ilikuwa ya bamba la chuma, yenye mkono wa kusukuma na vipande vya uzito. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, aliiweka juu ya saruji tupu, akaipimia chuma cha kilo ishirini alichokihifadhi ndani ya kitambaa, na hakuruhusu mtu aguse kitu mpaka mkono wa mizani utulie. Wapagazi ndio waliompa jina la Ratili, kwa sababu alikuwa kijana aliyependa vipimo vya wazee, kama ratili. Wakulima walimjua kwa jambo moja: mkulima akibisha, Ratili hakubishana naye. Alishusha gunia, akapima chuma chake mbele ya mkulima, akalipandisha gunia upya.

Hapo ghalani ndipo alipokutana na mkewe, mwaka 1976. Binti huyo alikuja kumsindikiza baba yake aliyeleta mahindi. Ratili, akitaka kumpendeza, alimtazama na kusema, "Wewe ni kilo hamsini na tatu."

Binti akamjibu, "Mbona unanipima kama gunia?"

Binti hakumsemesha tena kwa miezi miwili. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977, wakajaliwa watoto wanne. Mjane anataka iandikwe kwamba siku ile alikuwa na kilo hamsini na moja. Hizo mbili zilikuwa za kikapu alichokuwa amebeba.

Ndondi aliianza akiwa mpagazi. Alipigana mapambano ishirini na mawili, akashinda kumi na matano, akaacha mwaka 1977 baada ya jicho la kushoto kuanza kuona ukungu. Mwaka 1981 alipewa ruhusa kutumia chumba kirefu nyuma ya karakana, ambamo marehemu baba yake alihifadhi mbao. Akafunga kamba, akatundika magunia aliyoyajaza vitambaa na unga wa mbao, akapaka ukuta mmoja rangi nyeusi ili aandike chaki. Kwenye ukuta huo kila bondia alikuwa na mstari wake na uzito wake, na amri ilikuwa moja: hakuna kufanya mazoezi ya kupigana na mtu anayekuzidi kilo tatu. Vijana wengi walimwona mwoga wa mizani. Mmoja alimwambia, "Mwalimu, mtaani hakuna mizani." Naye akajibu, "Ndiyo maana mtaani kuna vilema."

Katika kijiji cha mabondia wake, kama alivyokiita chumba kile, aliyekuwa karibu naye zaidi ni kijana mwembamba, mwepesi wa miguu, mwenye ngumi ya kushoto iliyofika kabla hujaiona ikitoka. Walimwita Sindano. Yupo hapa leo, na ameridhia yote yanayofuata yasomwe. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza yasomwe. Mpwa wake, aliyeshika daftari la klabu kwa miaka ishirini na ndiye aliyeandika wasifu huu, ameyatoa katika daftari hilo na katika maneno ya wahusika.

Mwaka 2004, mitaa miwili kutoka kwenye karakana, kulifunguliwa ukumbi wa mapigano mchanganyiko, yale yanayoruhusu ngumi, mateke, mieleka na kukabana chini. Sakafu yote, ukuta hadi ukuta, ilifunikwa magodoro ya mazoezi, na mtu hakuingia na viatu. Mpiganaji wao mkubwa alikuwa fundi matofali mpole wa maneno, mwenye mwili wa mviringo usioshikika. Walimwita Gogo. Haikupita muda, kwenye duka la kinyozi lililokuwa katikati ya kumbi hizo mbili, mabishano hayakuisha.

"Bondia ukimwangusha ni kobe aliyepinduliwa. Anapunga miguu tu."

"Kwanza umwangushe. Utamfikia na hicho kichwa akiwa anakungoja?"

"Kichwa nitampa kimoja. Miguu yake nitachukua yote miwili."

Waandaaji wa mapambano walisikia, wakaleta pendekezo: Sindano na Gogo, raundi tatu, kanuni za mchanganyiko. Marehemu alikataa mara mbili. Alisema kila ndege huruka kwa ubawa wake, na bondia anayepigana kwa kanuni zisizo zake anakwenda kujifunza kuogelea siku ya mafuriko. Lakini Sindano alikuwa na miaka ishirini na sita, alikuwa hajashindwa, na alikuwa anachekwa kila aendapo kunyolewa. Akaomba mara ya tatu. Marehemu akakubali kwa sharti moja: wawili hao wasizidiane zaidi ya kilo tatu, na mizani iwe yake, mpimaji awe yeye. Upande wa pili haukupinga. Kila mtu aliamini mizani ya Ratili.

Upimaji ulifanyika Ijumaa, tarehe 5 Agosti 2005, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa mchanganyiko, mbele ya watu wapatao mia moja na hamsini. Marehemu alivua viatu mlangoni kama walivyoombwa wageni wote. Kwa heshima hiyo hiyo, hakuomba godoro lifunuliwe. Aliiweka mizani juu yake, akafungua kitambaa, akapima chuma chake. Kilo ishirini kamili. Akaridhika.

Sindano akapanda, akasimama katikati ya bamba, miguu pamoja: kilo sitini na sita. Gogo akapanda, akatanua miguu hadi kingo za bamba, kama fundi matofali asimamavyo: kilo sitini na saba na nusu. Marehemu akatangaza kwa sauti, mpwa akaandika, watu wakapiga makofi.

Pambano lilikuwa Jumamosi jioni. Kwa dakika mbili Sindano alimpiga Gogo atakavyo, na ngumi ya kushoto ilimchana juu ya jicho. Halafu Gogo akainama, akapita chini ya ngumi, akamshika mapaja yote mawili na kumpiga mwereka. Walipotua, bega la kulia la Sindano lilikuwa chini yao wote wawili. Lilitoka mahali pake. Alipiga kiganja sakafuni kukubali, na mwamuzi akasimamisha. Ukumbi mzima ulikuwa unaimba kobe, kobe.

Jumatano ya wiki ya pili, tarehe 17 Agosti, marehemu alikuwa kazini. Wapagazi walikuwa wameisogeza mizani ili wafagie, wakaiacha juu ya rundo la magunia matupu. Gunia lililojulikana kuwa la kilo tisini lilipopandishwa, likasoma themanini na mbili.  Marehemu alitoa chuma chake na kukiweka juu ya bamba papo hapo. Kilo ishirini kamili. Akapiga magoti, akachungulia. Mzigo mwepesi haukuizamisha mizani. Mzigo mzito uliizamisha, na ukingo wa bamba ukaegemea magunia, hivyo magunia yakabeba sehemu ya uzito ambao mizani ilipaswa kuubeba. Wapagazi wanasema alikaa chini hapo hapo, juu ya rundo, akaomba maji.

Kesho yake alibeba mizani kwa toroli mpaka ukumbi wa mchanganyiko. Akamwomba Gogo apande juu ya godoro: kilo sitini na saba na nusu. Akamwomba apande nje, juu ya saruji ya baraza: kilo sabini na nne. Kijana mwingine wa kilo sitini na sita alisoma sawasawa kote kuwili. Gogo hakuwa na hila. Alisema, "Siku ile nilidhani nimepungua, nikafurahi. Nilikwenda kula mara mbili."

Marehemu alirudi nyumbani akiwa na ukweli wote mkononi. Jumamosi tarehe 20, kabla hajajua aanzie wapi, Sindano alikuja kwenye chumba kirefu, mkono ukiwa umefungwa kwenye kitambaa shingoni, akaweka glavu zake mezani.

"Mwalimu, nimefikiri sana. Uzito ulikuwa sawa. Kwa hiyo ni mimi."

Marehemu alipaswa kusema pale pale, na hakusema. Alijua hivyo tangu siku ile, na ameagiza tusimtafutie udhuru. Jumatatu aliwaandikia waandaaji akieleza kosa lake na kuomba litangazwe. Walimjibu kwa mistari miwili kwamba pambano limekwisha na matokeo hayarekebishwi. Aliikunja barua hiyo ndani ya kile kitambaa cha chuma cha kilo ishirini. Ilikaa humo miaka minane na miezi sita.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo wengi mliliona bila kujua chanzo chake. Aliunganisha kumbi mbili. Kila mwezi, kuanzia Januari 2006, mabondia na wapiganaji wa mchanganyiko walifanya mazoezi pamoja, baada ya kupimwa juu ya saruji, na kila jozi iliandikwa. Daftari lina jozi mia mbili na kumi na nne. Kwa kanuni za ndondi, na uzito uliolingana, mabondia waliwashinda wageni wao karibu kila mara; wengi wa wale hawakuzoea kupigwa bila kupata nafasi ya kukumbatia. Kwa kanuni za mchanganyiko ikawa kinyume chake. Bondia asiyejifunza kuanguka alikuwa chini kabla ya dakika ya tatu, na chini ngumi nzuri haina pa kuanzia. Waliojifunza kukwepa mwereka walijitetea. Tofauti ya kilo mbili tatu haikubadilisha sana. Katika jozi chache zilizopita kilo tano, alizoziruhusu kwa mchezo wa polepole tu, aliyekuwa mwepesi alimaliza na barafu mahali fulani mwilini, hata aliposhinda. Chini ya ukurasa wa mwisho marehemu aliandika kwa mkono wake: "Kanuni ndizo zinazochagua mshindi. Uzito ndio unaochagua atakayeumia."

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyevunjika kitu katika chumba kile. Lakini Sindano hakuwapo. Bega lake halikurudi kuinuka sawasawa, akajifunza kukata vioo, akafungua duka. Alipita barabara nyingine.

Mkewe ndiye aliyeiona ile barua, Machi 2014, alipokuwa anafua kitambaa. Aliisoma amesimama. Kisha akamwambia, "Baba Watoto, wewe unapima mizigo ya watu wote. Huu wako umeuweka kwenye kitambaa."

Jumamosi tarehe 8 Machi 2014 alikwenda dukani kwa Sindano. Alimkuta anakata kioo cha dirisha, akamweleza yote bila kukaa. Sindano hakuacha kukata mpaka alipofika mwisho wa kioo.

"Kilo ngapi?"

"Sita na nusu."

"Na umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kumi na mbili baada ya kukupima."

Sindano akafuta meza. "Mzee, miaka minane nimejiambia sikuwa kitu. Kila kioo ninachokata nakata nikijiambia hivyo. Leo unakuja kuniambia hapa, mimi na wewe na vioo. Ulinitangaza mbele ya watu mia na hamsini."

"Nifanyeje?"

"Watangazie."

"Waandaaji wamekataa. Ukumbi wenyewe ulishafungwa. Watu wale nitawakusanya wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mpimaji ni wewe."

Hakumfukuza, lakini hakumkaribisha kiti. Marehemu alirudi tena na tena kwa miaka, mara analeta dirisha lililovunjika, mara haleti kitu. Walizungumza habari za hali ya hewa. Madirisha ya nyumba yake, mkiangalia, yote ni mapya.

Juni 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Aliubeba kwa utulivu, akihudhuria matibabu mara mbili kwa wiki na kuandika mwenyewe uzito wake wa kila ziara. Tarehe 18 Septemba 2023 alilazwa. Wodini muuguzi alileta mizani na kuiweka juu ya mkeka wa mpira uliokuwa kando ya kitanda. Marehemu, ambaye siku hiyo hakuwa ameweza kumaliza kikombe cha uji, alisema, "Mwanangu, isogeze hapo kwenye sakafu tupu." Muuguzi akasogeza. Ikasoma kilo arobaini na nane. Akamgeukia mpwa wake. "Andika. Sasa hata wa daraja la chini kabisa wananizidi."

Jumapili tarehe 24 Septemba Sindano alikuja hospitali. Hakuna aliyemwita. Alikaa pembeni ya kitanda, kofia mkononi. Kisha marehemu akasema:

"Nimepata jibu la swali lako. Watu wale watakusanyika wapi."

"Lipi hilo, Mzee?"

"Kwenye mazishi yangu. Wa ndondi watakuja, wa mchanganyiko watakuja, na kinyozi atafunga duka."

"Usiseme hivyo."

"Nasema hesabu. Nilitangaza mbele za watu, nitarekebisha mbele za watu. Mimi mjomba wa huyu," akimwonyesha mpwa, "sitakuwapo kuona haya. Yeye ataandika, wewe utasoma kwanza."

Mpwa aliandika juma hilo hilo, akampelekea Sindano dukani. Sindano alisoma polepole, akaomba kalamu, akakata sentensi moja. Ilikuwa inasema kwamba kwa uzito sawa angeshinda.

"Hii toa," alisema. "Gogo angeniangusha hata angekuwa na sitini na sita. Sikujua kuanguka. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini bega langu lingebaki, na ningerudi kujifunza. Andika hivyo tu."

Imeandikwa hivyo. Marehemu alisomewa masahihisho hayo tarehe 3 Oktoba. Alifumba macho na kuuliza, "Yeye mwenyewe ndiye aliyekata?" Akaambiwa ndiye. Akasema, "Mnaona. Nilikuwa na bondia."

Alifariki Jumatano, tarehe 11 Oktoba 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi sita na siku ishirini na saba.

Ameacha mjane, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu tisa, dada yake mkubwa na mdogo wake wa mwisho, pamoja na mabondia na wapiganaji ambao majina yao yote yamo kwenye madaftari kumi na moja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani, wafanyakazi wenzake wa ghalani, na watu wa kumbi zote mbili.

Jeneza litabebwa na watu sita. Sindano atakuwa upande wa kulia mbele, ili abebe kwa bega la kushoto. Gogo ameomba awe upande wa kushoto mbele, na atakunja magoti kidogo ili walingane.

Sasa, kwa agizo la marehemu, wale waliokuwapo alasiri ya tarehe 5 Agosti 2005 wanaombwa kusikiliza. Uzito uliotangazwa siku ile haukuwa sahihi. Kosa lilikuwa la mpimaji peke yake, si la mpiganaji yeyote. Uzito sahihi ni huu: Gogo, kilo sabini na nne. Sindano, kilo sitini na sita. Sindano alipanda ulingoni akiwa pungufu kwa kilo nane bila kujua, na kwa dakika mbili nzima alikuwa anaongoza.

Mizani imetulia. Ratili, pumzika kwa amani.